Vampire Weekend na Kwasa Kwasa ya New York: Sio Wezi, ni Wadeni

Mpigie mtu yeyote wa Dar aliyekulia kwenye nyumba yenye redio kaseti wimbo unaoitwa Cape Cod Kwassa Kwassa. Usimwambie ni wa nani. Haitafika dakika, atatikisa kichwa na kusema hilo gitaa lina Ukongo Ukongo ndani yake. Halafu sauti ya muimbaji inaingia, Kiingereza cha chuo kikuu kabisa, na hapo ndipo sura inabadilika. Hawa ni kina nani tena?

Hawa ni Vampire Weekend, vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakaanzisha bendi mwaka 2006. Muziki wao unaitwa roki ya indie, yaani roki ya bendi zilizoanza kivyaovyao, nje ya makampuni makubwa. Albamu yao ya kwanza ina jina lilelile la bendi na ilitoka Januari 2008 chini ya lebo ya XL Recordings. Nyimbo 11, dakika 34 hivi, imeisha. Unaweza kuimaliza ukiwa kwenye foleni ya Ubungo na ukairudia kabla hujafika nyumbani.

Miaka imekatika lakini ubishi wa hiyo albamu haujafa. Upande mmoja wanasema ni moja ya kazi safi za roki za miaka ile. Upande wa pili wanasema ni watoto wa kishua walioingia jikoni kwa Waafrika, wakachota chungu kizima, wakaenda kuuza kwa jina lao. Na Mswahili akisikia habari ya mzungu na gitaa la Kongo, jibu lake liko tayari mdomoni: wezi hao.

Pole pole. Neno wizi ni zito, likitumika kwa kila kitu linaisha makali.

KWANZA, MZIGO WENYEWE

Ieleweke kwamba albamu ni nzuri. Kuna watu wanadhani ukisema mtu kakopa basi moja kwa moja kazi yake ni mbovu. Hapana.

A-Punk ni dakika mbili na ushee, gitaa jembamba la juu linakimbia, dramu zinagonga kama mtu anayefukuzwa. Oxford Comma inachokoza kialama kimoja kidogo cha uandishi ambacho watu wengi hata hawajui kama kipo. M79 imepewa jina la basi la mjini New York linalokatiza bustani ya Central Park kwenda upande wa pili. Ni sawa na mtu wa Dar atunge wimbo kuhusu daladala la Mbagala, ila hawa wakaliwekea fidla na kinanda cha kizamani kama vile basi linapita ndani ya ikulu ya mfalme.

Halafu gitaa. Bendi nyingi za roki zinapenda gitaa lenye mkwaruzo, zito, linalojaza chumba. Vampire Weekend wakaliacha gitaa safi, kila noti unaisikia inapoanza na inapoishia. Mtu aliyezoea sebene anajua hiyo tabia imetoka wapi. Wapiga solo wa Kinshasa wamekuwa wakipiga hivyo tangu kabla hao vijana hawajazaliwa.

Na walirekodi kwa kuungaunga. Walishamaliza chuo, wana ajira zao za kila siku, kwa hiyo kazi ilifanyika pale nafasi ilipopatikana: studio Brooklyn, ghala la shambani, vyumba walivyokuwa wanaishi. Mpiga kinanda ndiye aliyekuwa prodyuza. Kijana anayerekodi chumbani Mwananyamala huku amefunga dirisha kwa godoro anaielewa hiyo stori bila kutafsiriwa.

SIFA KWANZA, MAWE BAADAYE

Nyimbo zilianza kuzunguka mtandaoni mwaka 2007, albamu yenyewe bado. Mablogu ya muziki ya Marekani yakazigawana kama karanga. Jarida la Spin likawapiga picha ya jalada kabla albamu haijaingia sokoni. Mtandao wa Pitchfork, ambao enzi hizo ukikupa alama za juu umeshatoka kimaisha, ukawapa 8.8 kati ya 10. Albamu ikapanda mpaka namba 17 kwenye chati ya Billboard 200 na namba 15 Uingereza. Kwa bendi iliyorekodia ghalani, hayo si mambo madogo.

Lakini mjini kuna sheria moja: ukisifiwa haraka, utachukiwa haraka. Mashtaka yakawa mawili.

Shtaka la kwanza ni ukishua. Walivaa mashati ya polo, sweta za shule na vile viatu vya watu wenye boti. Wamesoma Columbia, chuo cha hela. Nyimbo zinataja maeneo ya likizo za matajiri. Kwa lugha ya Bongo, ni watoto wa geti kali. Shtaka hili ni jepesi, na likichunguzwa linapungua uzito. Muimbaji alikuwa mwalimu wa shule Brooklyn kabla muziki haujamlipa. Mpiga kinanda amezaliwa na wazazi waliotoka Iran. Ile picha ya wazungu wanne waliozaliwa juu ya mto wa manyoya haijakaa sawasawa. Na hata ingekaa, nguo hazijawahi kuharibu wimbo.

Shtaka la pili ndilo lenye nyama: kwamba wamebeba muziki wa Afrika.

Hapa wenyewe walijichongea. Muziki wao waliuita, kwa utani, Upper West Side Soweto. Upper West Side ni mtaa wa Manhattan wenye maghorofa ya wenye nazo. Soweto kila mtu anaijua. Halafu wakatoa wimbo wenye kwasa kwasa kwenye jina. Kwasa kwasa si ya Soweto wala si ya Johannesburg, ni ya Kongo, na kutoka Johannesburg mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 2,500. Ni kama mtu achanganye taarabu na rai ya Algeria, kisha aseme zote ni za Afrika bana, kuna tofauti gani. Mtu wa Tanga lazima akasirike, na ana haki.

UTANI UNAOJIJUA

Ila kuna kitu wabishi wengi wanakiruka. Cape Cod ni rasi ya jimbo la Massachusetts ambako matajiri wa Marekani huenda kupumzika majira ya joto. Kuweka Cape Cod na kwasa kwasa kwenye jina moja ni sawa na mtu kutoa ngoma akaiita Mchiriku wa Masaki. Ukisikia jina tu unacheka, kwa sababu unajua mchiriku na Masaki havijawahi kukaa meza moja. Aliyetunga jina hilo anajua hajatokea Uswahilini, na anakuambia kabisa kwamba anajua.

Ndani ya wimbo wanamtaja pia Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza aliyetumia miaka mingi kuchanganya muziki wake na wa mataifa mengine. Naye alilipokea vizuri, maana baadaye alishirikiana na Hot Chip, bendi ya Uingereza, kuurudia wimbo huohuo, yaani anaimba wimbo unaomtaja mwenyewe.

Kwa hiyo hawakuficha. Mwizi akiiba kuku hamwiti kuku kwa jina la mwenye banda. Hawa waliandika kwasa kwasa kwa herufi kubwa, dukani, kwenye jalada la nyuma. Kijana wa Ohio ambaye hajawahi kusikia neno hilo alilazimika kulitafuta, na akilitafuta anakutana na Kanda Bongo Man uso kwa uso.

WIZI WENYEWE UNAVYOFANANA

Anayetaka kuona wizi wa muziki, mifano ipo, tena ya machozi.

Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube mwaka 1939. Wimbo ule ukavuka bahari, ukageuzwa kuwa The Lion Sleeps Tonight, ukaimbwa na kila mtu, ukaingia mpaka kwenye filamu ya The Lion King. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa maskini. Familia yake ilikuja kufikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, miaka 44 baada ya yeye kuzikwa.

Karibu zaidi na nyumbani, Them Mushrooms wa Kenya walitoa Jambo Bwana mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M wakatoa toleo lao, na mpaka leo kuna watalii wanashuka Mombasa na Zanzibar wakiamini ule wimbo ulizaliwa Ulaya.

Kwenye kesi hizo kuna wimbo wenye jina, kuna melodi inayotambulika, kuna mtu au bendi iliyoutunga. Ndiyo maana familia ya Linda iliweza kusimama na kudai. Vampire Weekend hawakuchukua wimbo wa mtu. Walichukua namna ya kupiga. Na hakimiliki, kwa kawaida, hailindi namna ya kupiga. Inalinda melodi, maneno na rekodi. Hakuna mwenye hati ya rege, hakuna mwenye hati ya rumba, na hakuna wakili wa kwasa kwasa.

Mfano mzuri wa tofauti hiyo upo kwenye historia ya bendi hiihii. Albamu yao ya pili, Contra, ilitoka Januari 2010 na ikakaa namba moja Marekani. Jalada lake lina picha ya zamani ya msichana mwenye nywele za dhahabu. Mwanamke aliyesema ni yeye, aliyewahi kuwa mwanamitindo, akaenda mahakamani kudai dola milioni 2, kwamba picha yake imetumika bila ridhaa yake. Mambo yakaishia kwenye makubaliano mwaka 2011.

Tazama hapo. Uso una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kwenda mahakamani. Mtindo wa gitaa lililopigwa na watu mia moja kwenye baa za Kinshasa na Brazzaville hauna mtu wa kusimama kizimbani. Sheria inauona uso, haiuoni mtindo. Na hapo ndipo tatizo la kweli lilipo, kwa sababu kitu kinaweza kuwa halali mbele ya hakimu na bado kikaacha mtu na njaa.

BASI WAKO SAFI? HAPANA

Utetezi ukiishia hapo utakuwa wa kishabiki, na kuna watu wa kuulizwa.

Linganisha na Paul Simon. Mzee huyu alienda Johannesburg mwaka 1985 kurekodi, wakati dunia imeisusia Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Alitukanwa sana, na waliomtukana walikuwa na hoja. Albamu yake ya Graceland ilitoka 1986 na ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka. Lakini ukifungua karatasi za ile albamu unakuta majina. Ray Phiri kwenye gitaa. Bakithi Kumalo kwenye besi, lile besi ambalo mpaka leo wapigaji wanaumiza vidole kulijaribu. Joseph Shabalala ameandikwa kama mtunzi mwenza wa Homeless. Kundi lake la Ladysmith Black Mambazo likazunguka dunia, likatengenezewa albamu ya Shaka Zulu na Paul Simon huyohuyo, na ile albamu ikachukua Grammy yake yenyewe.

Paul Simon alikosea siasa, lakini alileta watu. Vampire Weekend hawakuvunja mgomo wa mtu yeyote, lakini walileta sauti tu, watu wakabaki nyuma. Ukisoma orodha ya waliopiga kwenye albamu ya 2008 humkuti mpiga gitaa wa Kinshasa hata mmoja. Jina la mtindo lipo, jina la mtu halipo. Kwasa kwasa wameiandika, Kanda Bongo Man hayupo. Diblo Dibala, yule ambaye kwa kasi ya vidole walimbatiza Machine Gun, hayupo.

Na hao si watu wadogo. Kanda Bongo Man ndiye aliyetoka Kongo akahamia Paris mwaka 1979 na kuukata muziki ule mwendo wa pole wa mwanzoni, ukawa unaanza na moto moja kwa moja. Watu wa Afrika Mashariki waliocheza kwenye harusi za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 wanakumbuka, maana kiuno kilikuwa hakipewi likizo. Kwasa kwasa kwake ilikuwa kazi ya maisha. Kwa vijana wa Columbia ilikuwa sura moja ya kitabu. Ushahidi ni huu: albamu yao ya tatu, Modern Vampires of the City ya mwaka 2013, imelipunguza sana lile gitaa la Kiafrika, na ndiyo iliyowapa Grammy yao ya kwanza ya muziki mbadala. Walifungua mlango, wakapita, wakaenda chumba kingine. Wapiga gitaa wa Kinshasa hawana chumba kingine cha kwenda.

Kwa hiyo jina sahihi la hawa vijana ni wadeni. Mwizi anakimbia, mdeni anajulikana anapoishi. Mwizi unampigia kelele, mdeni unamkumbusha. Na deni lao si lazima liwe la hela peke yake. Kumpandisha jukwaani mzee mmoja wa sebene wakati unajaza ukumbi New York ni malipo. Kumtaja kwa jina kila unapohojiwa ni malipo. Kumlipia ndege aje apige nawe kwenye albamu ni malipo makubwa zaidi.

SASA TURUDI SINZA

Yule Peter Gabriel anayetajwa kwenye wimbo ana uhusiano na Dar es Salaam ambao vijana wengi hawaujui. Ndiye mmoja wa walioanzisha tamasha la WOMAD, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na baadaye lebo ya Real World. Lebo hiyo ndiyo iliyotoa Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992. Na hizo ni albamu za nani? Za Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila.

Ndiyo, Dokta Remmy. Yule ambaye jina lake limebaki kuwa kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy. Konda anaita kila siku, abiria wanashuka kila siku, na wengi wao hawawezi kutaja nyimbo zake tatu.

Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy. Alikuja na gitaa la kwao, akaliwekea Kiswahili na matatizo ya maskini wa Bongo, likawa la Bongo. Kwani hiyo si kukopa? Muziki wa dansi wa Tanzania umejaa damu ya Kongo, kuanzia Maquis mpaka Safari Sound, na hakuna aliyelia wizi. Kwa sababu gani? Kwa sababu Wakongo wenyewe walikuwepo. Waliishi hapa, wakaoa hapa, wakalipwa hapa, wakazikwa hapa. Mtindo ulikuja ukiwa umembeba mwenyewe.

Remmy alifariki Desemba 2010. Mwaka uleule ulioanza na Contra kukaa namba moja Marekani, mwaka uleule, ukaishia na msiba wake Dar. Hakuna aliyemuua na hakuna wa kulaumiwa. Lakini ukiziweka habari hizo mbili pembeni kwa pembeni unaona umbali kati ya mtu aliyelibeba gitaa lile maisha yake yote na mtu aliyelipitia.

UBISHI UNAOKWEPWA NYUMBANI

Kuna wa kusema: ah, muziki ni wa wote, acheni roho mbaya. Sawa, ni wa wote kusikiliza na wa wote kupiga. Ila mirabaha haijawahi kuwa ya wote. Ikifika siku ya kugawana, majina yanasomwa, na asiyeandikwa haitwi.

Kuna na wa upande wa pili: wazungu wanatunyonya, mjadala umefungwa. Haujafungwa. Huyu anayepiga kelele mtandaoni, simu yake ikikaguliwa, ina wimbo gani wa Kanda Bongo Man? Ina nini cha Remmy? Msondo Ngoma wana historia inayoanzia NUTA Jazz ya mwaka 1964, Sikinde walianza 1978. Kiingilio cha kumbi walikozoea kupiga ni pungufu ya pizza moja. Lakini ukipita, meza za mbele wamekaa wazee na vijana wamejaa baa ya jirani inayopiga amapiano ya Afrika Kusini kutoka kwenye flashi.

Na kuhusu hiyo amapiano: miaka ya karibuni nusu ya mjini imeimba juu ya lile besi la gogo. Ni wangapi waliomtafuta prodyuza wa Pretoria wakampa jina kwenye kazi, na ni wangapi walimwambia prodyuza wa hapahapa atengeneze kama ile? Jibu kila mtu analijua. Akifanya kijana wa New York anaitwa mwizi, akifanya kijana wa Kinondoni anaitwa mkali. Mizani gani hiyo yenye jiwe upande mmoja?

Tofauti ipo, na isifichwe. Kijana wa New York anauza kwenye soko lenye hela nyingi, ana lebo, ana mawakili, ana majarida ya kumpamba. Akikopa yeye, faida ni kubwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo deni lake nalo ni kubwa zaidi. Lakini ukubwa wa deni la jirani haufuti la kwako.

Kwa hiyo albamu ya Vampire Weekend isikilizwe. Isikilizwe kwa raha, maana ni kazi safi, na A-Punk ikipigwa kwenye pati hakuna atakayebaki amekaa. Ila ikifika Cape Cod Kwassa Kwassa, mtu asikatie hapo. Asogeze kidole, amtafute Kanda Bongo Man, amsikilize Diblo akizichana nyuzi, kisha amalizie na Songs for the Poor Man kutoka mwanzo mpaka mwisho. Baada ya hapo ndiyo arudi kubishana, akiwa anajua kilichokopwa kina thamani gani.

Vijana wa New York wanalo deni lao. Na abiria anayeshuka Sinza kwa Remmy bila kumjua Remmy, naye anadaiwa.

Haya wadau, uwanja ni wenu: wezi, wadeni, au mashabiki tu waliopenda gitaa zuri? Na kabla hujaandika neno wizi hapo chini, taja kwanza nyimbo tatu za Dokta Remmy bila kugugo.